Odera Oruka, mwalimu aliyeiuliza desturi sababu yake



Tumezoea kusoma hapa maisha ya wamisionari na wachungaji wa zamani. Mara hii ninawaletea maisha ya mtu wa aina nyingine: Henry Odera Oruka, Mkenya, mwalimu wa chuo kikuu aliyefundisha filosofia Nairobi kwa miaka 25. Hakuwa mchungaji, na mwalimu wake mkubwa alikuwa mpinzani wa kanisa. Lakini mambo aliyoyafikiri ndiyo yanayotukuta sisi kila juma: adhabu ya mwizi, mazishi ya ndugu, haki ya mjane, chakula cha mkimbizi, na neno la wazee wa ukoo. Tena, mwaka 1987 aliitwa mbele ya tribinali, na pale kazi yake yote ikapimwa machoni pa nchi nzima.

Kutoka Nyanza mpaka Uppsala

Odera Oruka alizaliwa tarehe 1 Juni 1944 katika jimbo la Nyanza, magharibi mwa Kenya, nchi ya Waluo karibu na Ziwa Viktoria. Alikua wakati Waingereza wangali wanatawala. Alipokuwa kijana alipata nafasi ya kwenda kusoma Uswidi, katika chuo kikuu cha Uppsala. Alisoma sayansi, mambo ya hali ya hewa na jiografia. Lakini hukohuko akakutana na filosofia, na filosofia ikamshika.

Mwalimu wake alikuwa Ingemar Hedenius. Huyu alijulikana Uswidi nzima kwa sababu ya kitabu alichotoa mwaka 1949 juu ya imani na elimu, ambacho kilileta ugomvi mkubwa na maaskofu na walimu wa teolojia. Hedenius alitaka mtu yeyote anayesema jambo ni kweli atoe sababu inayoweza kupimwa, awe profesa au askofu. Kijana wa Nyanza aliishika kanuni hiyo, na tutaona kwamba aliitumia hata kwa wazungu waliodhani wameijua Afrika.

Kutoka Uswidi alikwenda Marekani, katika chuo kikuu cha Wayne State mjini Detroit, kisha akarudi nyumbani. Mwaka 1970 akaanza kufundisha Nairobi. Wakati ule filosofia na elimu ya dini zilikuwa idara moja, na profesa wake alikuwa Stephen Neill, askofu wa Kianglikana aliyekuwa mmisionari India kwa miaka mingi. Kwa hiyo mwanafunzi wa yule aliyewashambulia maaskofu alianza kazi chini ya askofu. Mwaka 1980 idara ile iligawanywa, na Odera Oruka akawa kiongozi wa kwanza wa idara ya filosofia.

Wazee wenye kufikiri

Jambo lililomfanya ajulikane linagusa mji wetu. Mwaka 1945, hapa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kilichapishwa kitabu cha padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefanya kazi Katanga. Tempels aliwaambia wazungu wenzake kwamba Wabantu wana filosofia yao, na kwamba msingi wake ni nguvu ya uzima. Siku zile wakoloni wengi waliona mtu mweusi hana fikira yoyote, kwa hiyo neno hilo lilikuwa kubwa, na wasomi wengi wa Afrika walilipokea kwa furaha.

Odera Oruka aliona mtego ndani yake. Kwa Tempels, filosofia hiyo ni ya kabila zima kwa pamoja. Hakuna Mluba mmoja wala Mbemba mmoja aliyeifikiri na kuipima. Wote wanaibeba tu, kama watu wanavyobeba lugha, mpaka mgeni aje awaeleze wanachoamini. Hapo Mwafrika anapewa desturi na kunyimwa akili ya kuihukumu. Mwaka 1972 Odera Oruka aliandika kukataa hadithi na desturi za kabila kuitwa filosofia bila kupimwa.

Lakini hakuishia kukataa. Tangu mwaka 1974 yeye na wenzake walianza kwenda vijijini na mashine ya kunasa sauti. Waliwatafuta wazee ambao watu wenyewe waliwaita wenye hekima, wakakaa nao na kuwauliza kwa lugha zao: Mungu ni nini? Mtu mwema ni nani? Sheria ni ya nini? Kifo ni nini? Jibu la kwamba wazee wetu walisema hivyo halikutosha. Wewe mwenyewe, mzee, unaona namna gani, na kwa sababu gani?

Hapo akaona wazee wa namna mbili. Wa kwanza anaijua desturi yote, methali zake, miiko yake na mpangilio wa ukoo. Ukimuuliza atakueleza vizuri sana, lakini hatatoka nje ya yale aliyopokea. Wa pili anaijua desturi vilevile, ila anasimama kando yake kidogo na kuipima. Anasema hapa wazee walifanya vema, na hapa walikosa, nami nitakueleza kwa nini. Huyu wa pili, alisema Odera Oruka, ni mwanafilosofia kweli, hata kama hajui kusoma.

Mmoja wao alikuwa Paul Mbuya Akoko, mzee aliyeheshimiwa sana kati ya Waluo. Alipoulizwa kama Mungu wa Waluo ni mwingine na Mungu wa wazungu, alitazama ulimwengu unavyokwenda kwa mpango mmoja, akajibu kwamba kama miungu ingekuwa mingi, mpango huo ungevunjika. Kwa hiyo Mungu ni mmoja kwa watu wote. Mwingine, Njeru wa Kinyenje, aliikataa dini kabisa na kuiona kuwa uchawi wa wazungu. Odera Oruka aliyaandika maneno ya wote wawili, bila kuficha lililowapendeza wamisionari wala lililowachukiza. Katika wazee hao alikuwamo pia baba yake mzazi, Oruka Rang'inya. Tufikiri kidogo juu ya jambo hilo: mwana aliyesoma Ulaya na Marekani anakaa mbele ya baba yake, anamuuliza, na anayaandika majibu yake kama ya mwalimu.

Kitabu cha kazi hiyo, Sage Philosophy, kilitoka mwaka 1990. Kilipata wakosoaji. Peter Bodunrin wa Nigeria alikuwa ameuliza mapema: je, hapa anayefanya filosofia ni mzee, au ni profesa anayemsukuma kwa maswali yake? Odera Oruka alijibu kwamba hata mkunga humsaidia mama kuzaa, na mtoto anabaki kuwa wa mama.

Sisi wasomaji wa Biblia jambo hili si geni kwetu. Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 32, kijana Elihu ananyamaza kwa heshima mpaka wazee wamalize, kisha anasema kwamba miaka mingi peke yake haimpi mtu hekima. Nao Waberoya katika Matendo 17 walisifiwa kwa kuchunguza hata mahubiri ya Paulo.

Adhabu ni ya nini?

Mwaka 1976 Odera Oruka alitoa kitabu juu ya adhabu na ugaidi katika Afrika. Zilikuwa siku mbaya. Jirani, Uganda, Idi Amin alikuwa akiua watu kwa maelfu, na katika nchi nyingi serikali ilimfunga mtu bila kosa na kuiita hiyo sheria. Odera Oruka alitofautisha mambo hayo. Adhabu inadai kwamba kuna kosa lililofanywa. Serikali ikimtesa mtu asiye na kosa, hiyo haiwezi kuitwa adhabu hata kama hakimu ametia sahihi: ni ugaidi uliovikwa nguo ya sheria.

Kisha akakwenda mbali zaidi. Alisema hata adhabu ya mkosaji wa kweli haitibu kitu. Kijana anayeiba amesukumwa na nguvu nyingi zilizomtangulia: njaa, kukosa kazi, malezi mabaya, mji uliojengwa kwa faida ya wachache. Ukimpiga yeye na kuziacha nguvu zile, kesho zitamsukuma mwingine. Kwa hiyo aliomba adhabu iondolewe, na mahali pake paje matibabu ya mkosaji pamoja na jamii iliyomzaa.

Mimi kama mchungaji siwezi kumfuata mpaka mwisho wa njia hiyo. Kama mtu hana uhuru wowote katika kosa lake, basi hawezi pia kutubu, na Injili inamwita kila mtu kwa jina lake atubu. Zakayo hakusema mfumo wa kodi ulimlazimisha. Alirudisha mara nne. Lakini tusimwache Odera Oruka upesi. Yesu hakumpiga Zakayo. Aliingia nyumbani mwake, na watu waliodhulumiwa wakarudishiwa mali yao. Hayo ni matibabu.

Mambo haya hayako mbali nasi. Katika mitaa yetu mwizi akikamatwa usiku, mara nyingi anapigwa na kuchomwa moto kabla polisi hawajafika, na waamini wetu wanakuwa katika kundi lile. Tena mwezi wa Machi 2024 serikali yetu iliondoa zuio la kutekeleza hukumu ya kifo lililokuwapo tangu 2003. Kila kusanyiko linapaswa kujiuliza swali la mwalimu huyu: tunapotaka damu ya mkosaji, tunatibu nini?

Siku 154 bila kaburi

Tarehe 20 Desemba 1986, avoka mashuhuri wa Nairobi, S. M. Otieno, alifariki ghafula. Alikuwa Mluo wa ukoo wa Umira Kager. Mke wake, Wambui, alikuwa Mkikuyu. Wambui alitaka kumzika katika shamba lao Upper Matasia, karibu na Ngong, kwa sababu, alisema, mume wake mwenyewe alitaka hivyo. Ukoo ulikataa: Mluo huzikwa katika ardhi ya baba zake, na kwa Otieno hiyo ilikuwa Nyalgunga, Siaya. Otieno, ingawa alikuwa mtu wa sheria, hakuacha wosia ulioandikwa.

Shauri likaingia Mahakama Kuu ya Nairobi. Watu walijaa nje, magazeti yaliandika kila neno, na maiti ikabaki chumba cha baridi. Upande wa ukoo ulimwita Odera Oruka atoe ushahidi kama mtaalamu wa desturi za Waluo. Akaenda.

Hapa ndipo maisha yake yanatutaka tufikiri sana. Kwa miaka zaidi ya kumi alikuwa akifundisha kwamba mzee mwenye hekima ni yule anayeweza kuipima desturi ya watu wake na kusema hapana. Sasa tribinali ilimtaka aseme desturi ni ipi. Mawakili hawakuwa na haja ya yule mzee wa namna ya pili. Walitaka wa namna ya kwanza. Na tribinali ikishaisikia desturi, inaigeuza kuwa amri.

Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 13 Februari 1987 Jaji Bosire aliupa ukoo haki ya kuzika. Tarehe 15 Mei Mahakama ya Rufani ikathibitisha, ikisema kwamba, kwa sheria ya wakati ule, Mkenya Mwafrika hana njia ya kujivua kabila la baba yake na desturi zake. Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei, siku 154 baada ya kufa kwake. Mjane wake hakuhudhuria.

Pimeni neno lile la majaji pamoja na kazi ya Odera Oruka. Wao walisema mtu hawezi kujitoa katika desturi. Yeye alikuwa ametembea vijijini kuonyesha kwamba mtu anaweza kukaa ndani ya desturi akiipenda na papo hapo akaihukumu. Ushahidi wake ulisaidia kuleta hukumu iliyokuwa nyembamba kuliko mafundisho yake. Simhukumu kwa hilo. Aliitwa aeleze anachokijua, akaeleza. Wala desturi ya Waluo haikuwa upuuzi: inasema kwamba mtu si mali ya mke wake peke yake, na kwamba kaburi linawaunganisha waliokufa na watakaozaliwa. Yakobo pia, katika Mwanzo 49, aliagiza azikwe pamoja na baba zake, akapelekwa kutoka Misri mpaka Makpela. Lakini Yakobo alisema mwenyewe, mbele ya wanawe wote, akiwa hai. Nyumba ya Otieno ilikosa neno la namna hiyo.

Mwaka uleule, tarehe 1 Agosti 1987, nchi yetu, ikiitwa bado Zaire, ilitoa Sheria ya Jamaa, ile tunayoiita Code de la famille. Inawapa watoto robo tatu za urithi, na inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyoishi na mume wake. Imeandikwa vizuri. Lakini ni mara ngapi, baada ya matanga, shemeji wanabeba viti, televisheni na karatasi za kiwanja, na wazee wa kanisa wanaangalia chini wakisema hiyo ni desturi? Hapo ndipo tungemhitaji mzee wa namna ya pili, asimame mbele ya ukoo wake na kuuliza: hii desturi ililetwa ili kumlinda mjane, au kumnyang'anya? Mbona zamani aliyerithi mali alibeba pia mzigo wa kumlisha mjane na watoto?

Kile ambacho mtu hawezi kukosa

Katika miaka yake ya mwisho Odera Oruka aligeukia swali la umaskini. Mwaka 1989 aliandika juu ya misaada ya nchi tajiri kwa nchi maskini. Wengi waliiona kuwa sadaka: mwenye moyo hutoa, na asiyetoa hana deni. Yeye alikataa. Alisema kuna kiwango cha chini cha utu, nacho ni mambo matatu: usalama wa mwili, afya, na chakula cha kuishi. Aliye chini ya kiwango hicho hawezi hata kutenda kama mtu mwenye wajibu, kwa maana nguvu zake zote zinaishia katika kutafuta kupona. Kwa hiyo kufikishwa hapo ni haki ya kila binadamu, na mpaka wa nchi hauifuti haki hiyo.

Mwaka 1991 alikusanya Nairobi mkutano wa wanafilosofia wa dunia juu ya binadamu na mazingira. Mwaka 1993 chuo cha Uppsala, kile alichokiingia akiwa kijana, kilimpa udaktari wa heshima. Mwaka huohuo aliandika mfano wa jamaa moja yenye watoto sita, wachache matajiri na wengine maskini. Yule tajiri hawezi kusema mali yangu ni jasho langu tu, maana wote walilelewa na wazazi walewale, na amebeba deni la wazazi. Tena, ndugu wakifa njaa, aibu ni ya nyumba nzima, wala yeye hayuko salama. Dunia, alisema, ni mzazi wa namna hiyo.

Sisi wa Ruashi tunaishi juu ya shaba na kobalti. Ninyi wa Goma, Bukavu, Uvira na Bunia mmewapokea waliokimbia vita, mara nyingine katika majengo ya kanisa lenyewe. Mfano wa watoto sita unatuhusu sote. Anayekuja mlangoni bila chakula hakuja kuomba fadhili. Amekuja kudai kilicho chake katika nyumba ya Baba mmoja. Tajiri wa Luka 16 hakuambiwa kwamba alimwibia Lazaro. Kosa lake ni kwamba ndugu alilala mlangoni, naye akapita.

Alichotuachia

Tarehe 9 Desemba 1995 Odera Oruka aligongwa na gari Nairobi akafa. Alikuwa na miaka 51. Miaka miwili baadaye kilitoka kitabu cha maandiko yake juu ya kutafuta kiwango cha chini cha maadili ambacho watu wote wanaweza kukubaliana.

Kwa makusanyiko yetu ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, waamini wenye miaka waandike wosia wao, juu ya mali na juu ya kaburi, na wausome mbele ya mke, watoto na wazee wa ukoo wakiwa hai. Pili, wazee wa kanisa wanapoitwa katika shauri la ukoo wasikubali kuwa mashahidi wa desturi tu. Waulize sababu yake, na wamuulize mjane pia. Tatu, vijana wetu wakae na babu na bibi zao, wawaulize wanavyofikiri, na wayaandike majibu yao kwa heshima, yale yanayotupendeza na yale yanayotuchoma.

Bwana atupe wazee wanaoipenda jamaa yao kiasi cha kuiambia kweli. Amina.